ADN Ilipopanda Makebuko

Siku ya kuniaga, mkuu wa hospitali alisoma hotuba ambayo, kwa mtu aliyeisikiliza vizuri, ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya mwingine aliyestaafu kabla yangu. Alinisifu kwa utumishi wangu katika chumba cha upasuaji. Mimi sijawahi kushika kisu ila cha kitunguu. Nilipiga makofi kama wengine, nikanywa soda yangu, na ninyi vijana wa labo mkanivuta pembeni mkasema, Mama Zubeda, tuandikie na sisi tusome. Haya, naandika. Habari za vyeo nilivyopanda hamtazikuta humu kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara wa serikali ni siri ambayo kila mtu anaijua.

Nilizaliwa Muyinga mjini, kaskazini mwa Burundi, mtaa wa Waswahili, katika nyumba ya fundi cherehani. Baba aliamini hakuna jambo duniani lisiloelezeka kwa uzi, sindano na zipu, na mbele mtaona kwamba hakuwa mbali na ukweli. Nilipomaliza mafunzo ya maabara nikapangiwa kazi pale pale nyumbani, jambo lililomfurahisha mama na kuwaudhi majirani, maana tangu siku ile nilijua minyoo ya kila mtu.

Mkuu wa labo alikuwa Musyu Deo, mtu mwembamba mwenye koti jeupe ambalo weupe wake ulikuwa umebaki katika historia. Siku ya kwanza alinionyesha hadubini. Haikuwa na taa. Chini yake palikuwa na kioo kidogo cha kukamatia jua dirishani na kulipandisha hadi kwenye tone la damu. Kwa hiyo siku za mawingu Muyinga haikuwa na malaria. Wagonjwa waliambiwa warudi kesho, na wengine walirudi wamepona, hali iliyotuletea sifa kubwa mjini.

Siku hiyo hiyo aliingia bibi mmoja wa Mwakiro, akatolewa damu kidogo kidoleni, akakaa. Nikamwambia anaweza kwenda. Akasema anangoja.

"Mkimaliza kuangalia, mnirudishie damu yangu. Mi sikuja kuuza."

Nikacheka. Musyu Deo hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya yule bibi, akamweleza kwa upole damu ile imeenda wapi na kwa nini hairudi, mpaka bibi akaridhika na kuaga. Kisha akanigeukia.

"Mtu akikupa damu yake, we umpe jibu. Hata kama jibu iko mbaya. Hata kama jibu ni kwamba hujui."

Nimesikia mafunzo mengi baada ya hapo, mengine yakiwa na chakula cha mchana, lakini hilo ndilo lililonilisha hadi nimestaafu.

Halafu ikaja ile miaka ambayo sitaiandika hapa. Musyu Deo hakuimaliza. Nilimlilia kama mzazi na bado namlilia, basi tuendelee.

Amani ilipoanza kushika nikahamishiwa Gitega. Ndiyo miaka watu walikuwa wanarudi kutoka Tanzania, malori yamejaa mabati, masufuria, mbuzi, na watoto wanaosema Kiswahili kizuri kuliko walimu wao wapya. Waliporudi kwenye vilima vyao, maana kwetu kilima ndicho kijiji, walikuta watu wengine wanalima mashamba yao, na hao nao walikuwa na sababu zao. Kila upande ulitaka ushahidi. Vyeti vilikuwa vimeungua, mashahidi wamekufa au wamesahau kwa makusudi. Ndipo mtu mmoja, sijui nani, Mungu amsamehe, akatangaza kwamba damu haisahau.

Labo ikafurika. Wanaume walileta watoto kwa foleni wakitaka kundi la damu. Mmoja alimshika kijana wake mkono akasema, "Mi niko O, yeye iko O, donc ni wangu. Andika hapo." Nikamwambia nusu ya mtaa ni O, akiwachukua wote watamshinda kuwalisha. Kundi la damu laweza kusema huyu si wako. Kusema huyu ni wako haliwezi. Hilo hawakulipenda. Watu hupenda kipimo kama wanavyopenda shahidi, kiwe upande wao au kinyamaze.

Kisha zikaja semina. Kila amani huja na semina zake. Mtaalamu alitoka mbali, akafunga mapazia, akatuonyesha ukutani ngazi iliyojisokota, umeme ukakatika. Alibaki akizungusha mikono gizani kutuonyesha jinsi inavyojisokota, nasi tukaandika. Tulipewa vyeti. Nilirudi nyumbani sijaelewa kitu, nikafungua kopo la vifungo nililoachiwa na baba, nikatoa zipu, na hapo ndipo nikaelewa.

ADN, ambayo wenzetu waliosoma kwa Kiingereza wanaiita DNA, ni uzi mrefu mno uliokunjwa ndani ya kiini cha seli, na mwili wote umejengwa kwa seli. Uzi huo una pande mbili zinazoelekeana, kama zipu. Kitambaa cha kila upande ni sukari na fosfeti zinazopokezana mwanzo hadi mwisho. Meno yake ni ya aina nne tu, nayo tunayaita kwa herufi: A, T, G na C. A hung'atana na T, G hung'atana na C, hakuna kubembelezana. Ukishaifunga zipu hiyo uisokote kama kamba, umeipata ile ngazi ya mtaalamu bila kuhitaji umeme. Na kwa kuwa kila jino lina mwenzake mmoja, ukiwa na upande mmoja unaujua wa pili hata kama umepotea. Seli inapotaka kugawanyika, zipu inafunguka, kila upande unajishonea mwenzake, na pale palipokuwa na zipu moja zinapatikana mbili.

Mpangilio wa meno hayo ndiyo maagizo. Kipande kimoja cha uzi, tunachokiita jeni, kinaiagiza seli itengeneze protini ya kubeba hewa katika damu. Kingine, protini ya kuyeyusha chakula. Na vingine vinaamua rangi ya ngozi. Maharage yana maagizo ya kuwa maharage na mbuzi ya kuwa mbuzi, lakini herufi ni zile zile nne kwa wote, kwa mkuu wa komini, yaani wilaya, na kwa mnyoo aliye tumboni mwake. Hilo nililisema mara moja mbele ya mkuu wa komini, na sikualikwa tena.

Uzi wenyewe hauko mzima. Umegawanywa mafungu yanayoitwa kromosomu, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Fungu moja dogo, liitwalo Y, baba humpa mtoto wa kiume tu, karibu bila kulibadilisha, kama alivyolipokea kwa baba yake, na huyo kwa babu. Ndiyo maana mtu na baba yake mdogo, kama kweli wametoka katika ukoo mmoja wa kiume, hubeba Y ile ile. Likumbukeni fungu hilo, maana ndilo lililonipandisha Makebuko.

Evarist aliingia labo asubuhi moja na mke wake mjamzito. Alikuwa kijana mrefu, shati limepigwa pasi kwa mkaa, na alinisalimia kwa Kiswahili cha ng'ambo.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa hapa mnapima baba."

"Marahaba. Baba yuko wapi?"

"Amezikwa kambini, Tanzania."

"Huyo hatuwezi kumpima. Kaa kwanza unieleze."

Alizaliwa kambini. Baba yake alimkaririsha kilima chao cha Makebuko kama watu wanavyokariri sala: chemchemi iko wapi, shamba linaanzia jiwe gani, jirani ni nani. Baba alipokufa, Evarist alimzika, akarudi nchini na mke wake, akapanda kilima kile na kukikuta kila kitu mahali pake, pamoja na baba yake mdogo, Severini, anayelima shamba zima. Severini alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kaka yake hakuwahi kupata mtoto wa kiume, na kwamba Tanzania imejaa watu wenye masikio mazuri. Tangu siku hiyo Evarist alikuwa anaishi Mwakiro, kwenye uwanja wa wazazi wa mke wake.

"Mama, mtoto wangu anakaribia kuzaliwa, na atazaliwa ukweni," aliniambia. "Mwanaume anayekaa ukweni, hata kuku wanamjua. Mimi siombi kilima. Naomba nusu ya baba, ile ya upande wa chemchemi."

Mke wake alikuwa anatazama sakafu. Niliona aibu aliyokuwa nayo kwa ajili ya mumewe, na moyo wangu ukaegemea kwao, jambo ambalo mtu wa maabara haruhusiwi.

Bashingantahe, wale wazee waamuzi wa kilima, walikuwa wameshalisikiliza shauri hilo mpaka wakachoka, na kwa uchovu wakakubali ADN. Shirika moja lililoshughulikia waliorejea liliahidi kulipeleka jambo nje ya nchi, kwenye mashine, maana sisi hatukuwa nayo. Kazi yangu ilikuwa kupitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu la kila mmoja na kukipeleka kikiwa safi. Niliomba tumpime pia Koleta, dada wa Severini na wa marehemu, shangazi aliyekuwa bado anaishi pale kilimani. Mzee Ferdina, mkubwa wa waamuzi, alinitazama kwa huruma.

"Mama, Koleta ni mwanamke. Shamba haimuhusu. Pamba yake tutaipeleka wapi?"

Nikamwambia ADN haijui mila. Akasema basi ijifunze.

Siku ya kuchukua pamba nilipanda Makebuko na sanduku langu, na kwa kuwa najua watu huogopa wasichokiona, nilibeba pia ndizi mbivu, chumvi, sabuni ya vyombo na chupa ya alkoholi iliyopozwa. Ninyi mnalijua somo langu hilo. Nikaiponda ndizi mbele yao, nikatia maji ya chumvi na sabuni, nikachuja, nikamimina alkoholi polepole juu yake. Sabuni inapasua utando wa seli, chumvi inazishikanisha nyuzi, na alkoholi inaziinua. Kikapanda kitu cheupe, kinavutika, kama makamasi ya mtoto. Nikawaambia, hiyo ndiyo ADN, maagizo ya uhai, na kila chenye uhai kinayo.

Mzee Ferdina aliinama akatazama ndani ya gilasi kwa muda mrefu.

"Bon. Donc ndizi nayo iko na ADN."

"Ndiyo, mzee."

"Iko na baba?"

"Mgomba unachipua kwenye shina la mama yake. Baba kwa kweli hauna."

"Na bado iko kwenye shamba," alisema mzee, akigeuka kuwatazama wenzake. "Haina baba na hakuna mtu anaifukuza. Tuendelee."

Yeye ndiye mtu pekee kilimani aliyelielewa somo lile siku hiyo, ingawa si somo nililokuwa nafundisha.

Sasa mjue desturi. Makebuko hakuna shauri linalofunguliwa midomo mikavu. Chungu cha impeke, pombe ya mtama, kilikuwa katikati ya uwanja na mirija imesimama ndani yake, na wazee, Severini na Evarist walikuwa wameshanyonya, kwa sababu mahasimu wasiponyonya chungu kimoja wazee hawakai. Mimi ni Mwislamu, chungu si changu, lakini adabu naijua, nikasubiri. Kisha nikawaagiza Severini na Evarist wasukutue kwa maji safi, mara mbili, na wakae bila kula wala kunywa hadi nitakaporudi, maana kinywa kinahitaji muda wa kujisafisha. Walisukutua mbele yangu. Adhuhuri ilikuwa imeingia, nikaenda nyuma ya nyumba ya Koleta kuswali. Niliporudi nikawakuta wamekaa kimya kama wanafunzi siku ya mkaguzi. Nikachukua pamba, nikafunga, nikashuka.

Majibu yalikuja kwa simu, na yalikuwa ya ajabu. Maabara ya huko ilitaka kujua kama tunachezea watu. Kwenye pamba ya Evarist palikuwa na zaidi ya mtu mmoja. Kwenye pamba ya Severini vilevile. Uzi wa huyu, uzi wa yule, na nyuzi za watu wengine wasiojulikana, vyote vimechanganyika, havisomeki. Nikapanda tena kilimani kulitoa jibu hilo, na kabla sijamaliza, mzee mmoja akapiga goti lake kwa kiganja.

"Iko watu wengi ndani yake? Mi nilijua! Mtu moja hawezi kusumbua kilima namna hii."

Waamuzi wakaanza kujadili kama watu wengi waliomo ndani ya Evarist wagawiwe shamba kila mmoja au kwa pamoja. Koleta, mwanamke mfupi mwenye kitambaa kichwani na macho yasiyolala, alinishika mkono akanivuta jikoni kwake.

"Ulipokuwa unaswali," alininong'oneza, "walirudi kwenye chungu. Wote. Walisema maji imewaharibia mdomo."

Nilikaa kwenye gogo lake nikacheka mpaka machozi. Mirija ile ilikuwa imepita vinywani mwa kilima kizima. Nilikuwa nimepeleka nje ya nchi, kwa gharama ya wahisani, mate ya baraza la waamuzi.

Mara ya pili niliwaita Gitega. Niliwakalisha Severini na Evarist kwenye benchi moja la labo, mlango umefungwa, bila chungu, bila mrija, bila hata bilauri. Walikaa kila mmoja ukingoni mwake, katikati pakabaki pengo la kutosha mtu wa tatu. Muuguzi mmoja aliingia kuchukua glavu, akawatazama, akasema kwa furaha, "Mzee, mtoto wako amekufanana kweli!" Wote wawili wakakunja paji la uso, na mkunjo ulikuwa ule ule. Nikasema moyoni, haya yamekwisha, kilichobaki ni karatasi.

Ndivyo tunavyojidanganya sisi wenye macho. Safari hii pamba zilikuwa safi na majibu yalikuwa wazi: Y ya Severini na Y ya Evarist si moja. Mtu na baba yake mdogo hawakubeba fungu lile lile.

Habari hutangulia gari. Nilipofika Makebuko Severini alikuwa ameshachinja mbuzi. Watu walikuwa wanatafuna uwanjani, na Evarist alikuwa amesimama karibu na njia, mke wake amekaa juu ya begi lao, mtoto mchanga mgongoni. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, huko huko ukweni. Evarist hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba baba aliyemzika kwa mikono yake hakuwa wake, na hilo lilikuwa limemuumiza kuliko shamba. Nilitamani kugeuza gari. Lakini walikuwa wamenipa pamba zao, na jibu lilikuwa deni langu kwao.

Mzee Ferdina akanyamazisha uwanja. "Mama, sema ile kitu, tumalize. Huyu si mtoto wa kilima, ndiyo?"

"Mzee, kipimo hakikusema hivyo."

"Kimesema damu haifanani!"

"Kimesema hawa wawili hawakutoka kwa baba mmoja wa ukoo. Hakikusema ni nani kati yao aliyetoka nje."

"Si huyu ametoka Tanzania?"

"ADN haijui barabara ya Tanzania, mzee. Tulilinganisha watu wawili. Hawalingani. Inawezekana Evarist si mtoto wa marehemu." Nikavuta pumzi. "Na inawezekana Evarist ni mtoto wa marehemu kabisa, ila marehemu na Severini hawakuwa na baba mmoja."

Mtu mmoja aliyekuwa na mfupa mdomoni aliutoa polepole, akauweka chini. Severini alikuwa amesimama katikati ya uwanja wake, kisu cha mbuzi mkononi, na nikamwona anazeeka.

"Tutajua namna gani?" mzee Ferdina aliuliza, na sauti yake haikutaka kujua.

"Kwa Koleta," nikasema. "Y hana, lakini mafungu mengine ya baba yake anayo. Tukimlinganisha yeye na hawa wawili, tutajua nani ni wa baba yake."

Shingo zote zikageuka kwa pamoja kuelekea jikoni. Mwanamke ambaye shamba halikumhusu, sasa kilima chote kilimhusu yeye. Severini ndiye aliyekuwa wa kwanza kupoteza imani na sayansi.

"Hizi machine za Wazungu," alisema, "Kirundi hazijui, mtama hazijui, baba yetu hazikumwona. Zitajua nini? Mi nazikataa."

"Ni we ulizitaka," mzee Ferdina akamkumbusha.

"Nilizitaka kwa yeye!"

Koleta akatoka jikoni akipangusa mikono kwenye kitenge. Hakuwatazama waamuzi. Alimtazama kaka yake mdogo, mtu ambaye, kama nilivyosikia baadaye, Koleta alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, yeye mwenyewe akiwa bado msichana.

"Mi nitafungua mdomo, mama aweke pamba yake," alisema. "Lakini mjue, nikifungua, sitaufunga haraka. Mama yetu aliniambia vitu kabla afe. Vile mnavyovitafuta na vile hamvitafuti. Mkitaka, nisukutue."

Hakuna aliyesema leta maji. Severini aliweka kisu juu ya mawe ya moto, taratibu, kama kwamba kingevunjika. Mzee Ferdina akageuka kwa Evarist, maana ndiye aliyekuwa mdai, na sheria ya kilima inampa mdai neno. Sote tulijua swali atakalomuuliza lina maana gani. Kama Koleta angelingana na Evarist peke yake kwa upande wa baba, si nusu tu. Shamba zima lingekuwa lake, na Severini, mwenye mvi, angechukua njia ile ile aliyomwonyesha kijana.

"Evarist, unaomba pamba ya Koleta?"

Mke wa Evarist alimvuta shati, sijui ni kumwambia omba au usiombe. Evarist akaja hadi katikati ya uwanja.

"Wazee wangu," alisema, "Tanzania niliitwa Mrundi. Mwakiro naitwa mkwe. Hapa nikaitwa mtu wa Tanzania. Maisha yangu yote mimi ni mgeni, najua mgeni analala vipi na anakula akitazama wapi. Sitaki kumfanya mzee huyu mgeni nyumbani kwake ili mimi nipate kuwa mwenyeji. Aliyenikaririsha kilima hiki ni baba yangu, na mimi ndiye niliyemzika, hilo linanitosha. Nipeni nusu yake. Pamba sitaki."

Mzee Ferdina aliwatazama wenzake, na wote wakaitikia kwa kichwa kwa haraka ya watu waliookolewa. "Nusu ya chemchemi," alitamka. "Imekwisha."

Kilichobaki kilikuwa cha Severini, na Severini alikuwa amekitazama kisu chake muda mrefu mno. Watu walianza kusogeza miguu. Niliogopa atakataa, kwa aibu tu, kama wanaume wengi ninaowajua.

"Evarist," alisema hatimaye. Koleta aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kulitaja jina hilo hadi siku ile. "Kesho uje mapema, na panga. Tutapanda miyenzi kwenye mpaka, iwe uzio. Mi nitakata matawi, we utachimba mashimo. Mi siwezi kuinama, mgongo iko unaniuma."

Koleta alimwendea kaka yake, akaweka kiganja kiunoni mwake, pale panapouma.

"Mgongo wa baba huu," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Na yeye ulimsumbua hivi hivi, mpaka amekufa."

Severini alifunika uso kwa mikono miwili na mabega yake yakaanza kutikisika. Nililifunga sanduku langu. Hakuna mtu, kwenye kilima kile kizima, aliyeomba maneno hayo yapelekwe labo.